Binti Aliyekuwa Lubumbashi

Meza yangu ya kutengeneza simu iko karibu na stesheni ya Kamina, upande ule ambako vijana wa pikipiki husubiri abiria. Nina mwavuli, taa yenye kioo cha kukuzia, na benchi moja la wateja. Jirani yangu ni mama anayekaanga mikate, yale maandazi madogo ya mviringo, na moshi wa mafuta yake umeingia hata kwenye nguo zangu za kanisani. Vitu ninavyobadilisha ni vidogo mno: prizi ya kuchajia, spika, mikro inayopokea sauti yako, kitufe cha kuwashia. Ukipiga chafya vinapotea, na mtu aliyenyanyua kichwa kuangalia pikipiki inayopita anaweza kupoteza dakika nyingi akipapasa vumbi chini ya meza.

Nilijifunza kazi hii Lubumbashi, kwa rafiki, nilipokuwa nasoma informatiki, mambo ya kompyuta, chuoni. Masomo yalikatika kabla sijapata diploma. Mama yangu aliugua, nikarudi kumuuguza, na alipopona, njia ya kurudi chuoni ilikuwa imefungika. Baba yangu hakunifokea. Alifundisha shule ya msingi maisha yake yote kabla ya kustaafu, na katika kanisa letu la Wametodisti yeye ndiye huongoza ibada mchungaji anaposafiri. Siku nilipoondoka kwenda chuo, alinisimamisha mbele ya waumini wote wakaniombea. Niliporudi, hakuna aliyenisimamisha. Baba alisema tu, "Tafuta chumba karibu na kazi yako, usikuwe unachoka na njia." Nilifikiri ni huruma. Nikahamia mtaa wa stesheni, nikaanza kusali kwenye kanisa dogo la huko, nikawa naenda nyumbani siku za kazi, jioni, wakati ambapo wageni wa kanisa hawaji.

Siku moja nilipata mteja, mama aliyetoka Luena. Mume wake, karani wa reli, alikuwa amehamishiwa Kamina, na mimi sikuwa nimewahi kumwona mama huyo. Alikuja asubuhi, kitenge kimenyooka, simu imefungwa ndani ya leso.

"Mwanangu, hii telefone inakatala kukamata shaji. Mupaka niishike na kidole, njo inakamata kidogo."

Nikaifungua. Prizi ilikuwa imelegea, miguu yake miwili imeachia ubao wa ndani wa simu. Nikamwambia ni kazi ya kungoja palepale, kwa kuwa umeme ulikuwepo tangu alfajiri na mashine yangu ya hewa ya moto ilikuwa inafanya kazi. Akakaa kwenye benchi, kati ya kijana mmoja wa pikipiki na mzee mmoja aliyeleta redio.

Kazi ya kutoa prizi inataka utulivu. Unafunika vitu vya jirani kwa utepe usioshika moto, unazungusha hewa ya moto polepole mpaka risasi inayoishikilia iyeyuke, kisha unainyanyua prizi kwa kibano bila kulazimisha. Kwenye simu ile mikro ilikuwa pembeni kabisa ya prizi. Mikro haipendi moto. Unaupitisha moto ukiiogopa.

Mama wa Luena alipenda kuzungumza. Aliniuliza kama nimeolewa, kama mikono yangu haiungui, na nilijifunza wapi. Nikasema Lubumbashi.

"Aa, Lubumbashi! Kule kuko akili. Ku kanisa yetu kuko papa moya, mwalimu wa zamani. Iko na mutoto mwanamuke kule Lubumbashi. Anatumika mu biro kubwa ya ma-ordinateri. Papa anasemaga, ile mutoto alimaliza na distinction."

Mimi nilikuwa nimeanza kuzungusha moto.

"Ni mwalimu gani, mama?" nikauliza, ingawa nilijua. Mjini walimu wastaafu ni wengi, nikajishikilia hapo.

"Ule murefu, wa kinga ya bleu. Anahubiriaga wakati pasteur iko mu safari." Kinga ni baiskeli kwetu. "Anatuombeshaga juu ya ile mutoto kila mwezi. Minyi naambia batoto yangu banamuke: muangalie mutoto wa mwalimu."

Mama wa mikate aliacha kugeuza maandazi. Alimjua baba yangu, alinijua mimi, na alikuwa amesikia kila neno. Hakunitazama. Alifanya kitu kibaya zaidi, akaanza kufuta ndoo yake safi kwa kitambaa. Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba baba anangoja tu nipate nafasi ya kumaliza shule. Kumbe alikuwa amenimalizia mwenyewe. Alikuwa na binti mwingine, mwenye ofisi ya kompyuta na diploma, na kwa ajili ya huyo mimi nilipelekwa kukaa karibu na kazi yangu.

Prizi ikatoka. Nilipoitazama ndipo nilipogundua kwamba mkono wangu ulikuwa umesimama mahali pamoja. Utepe uliofunika mikro ulikuwa umejikunja na kuwa kahawia.

Nikaweka prizi mpya, nikafunga, nikachomeka waya. Alama ya shaji ikawaka. Mama akapiga makofi. "Wafwako, mwanangu, wafwako!" Hiyo ni aksanti ya Kiluba, na mtu wa rika lake haitoi hivihivi.

"Tujaribu kuita kwanza," nikasema.

"Nitaita mwalimu. Yeye anajibuga kila saa."

Kidole chake kilikuwa kimeshabonyeza. Simu ikaita, na sauti ya baba yangu ikatoka. "Allo? Mama? Allo! Allo, sisikie kitu!" Mama alikuwa anapaza sauti mpaka watu wa pikipiki wanageuka, lakini baba hakusikia. Alirudia allo kwa subira ileile aliyokuwa nayo na watoto wa darasa la kwanza, kisha akakata.

Nikamwambia ukweli. "Mama, ni makosa yangu. Moto ilifika ku mikro. Nitatia ingine, ni juu yangu, lakini leo hapana. Lazima nitafute telefone yenye kufa ya namna hii nitoe mikro yake."

Alininunia kidogo, akasema sawa, akaniachia simu. Alikuwa anafunga leso yake alipoinuka ghafla na kupunga mkono kuelekea barabarani.

"Huyu hapa, Mungu ni muzuri! Papa! Papa mwalimu!"

Baba alikuwa anapita na baiskeli yake, anatoka sokoni, mfuko wa unga umefungwa nyuma. Akamwona mama, kisha akaniona mimi nyuma yake. Nilimwona akikaza mikono kwenye usukani. Barabara ilikuwa wazi mbele yake, angeweza kwenda. Lakini yeye si mtu wa kumpita mama wa kanisa aliyemwita. Akashuka, akaisukuma baiskeli mpaka mbele ya meza yangu.

"Bonjour, mama," akamwambia yeye. Kisha akanigeukia. "Bonjour, madame."

Kwetu papa ni baba, na kila mwanamume mwenye mvi ni papa. Muuza kuni ni papa, askari mzee ni papa. Kwa hiyo nilikuwa na neno la kumjibu ambalo lilikuwa kweli na ambalo halikumfichua.

"Bonjour, papa."

"Ni weye niliita sasa hivi," mama akamwambia akicheka. "Huyu binti anatengeneza prizi, mikro inaungua. Naye alisomea Lubumbashi, sawa mutoto yako. Ule wa kule anaendelea muzuri?"

Baba alitazama kengele ya baiskeli. Kidole gumba chake kilikuwa juu yake, kana kwamba anataka kuiliza.

"Anaendelea," akasema. "Mungu anamusaidia."

Mzee wa redio akakohoa. Kijana wa pikipiki, ambaye mara nyingi alikuwa amemwona baba akinisindikiza jioni, alijifanya anatafuta kitu mfukoni. Nilichukua burashi nikaanza kusafisha ubao uliokwisha kusafishwa. Sikuwa na hasira, na hilo ndilo lililonishangaza. Nilimwonea haya baba kama vile ningemkuta amevaa shati lililopasuka mgongoni, na haya zenyewe nikazionea haya, maana mimi ndiye niliyekuwa mpasuko.

Walipoondoka, mama wa mikate alinifungia maandazi kwenye karatasi akayaweka kwenye kona ya meza. "Kula," akasema. Sikuweza.

Kwa siku kadhaa sikwenda nyumbani. Mama yangu alinipigia, nikamwambia kazi ni nyingi. Nilitafuta simu iliyokufa ya aina ile mpaka nikaipata kwa mwenzangu wa upande wa soko, skrini yake imesagika lakini ubao mzima. Nikatoa mikro yake kwa uangalifu kuliko kitu chochote nilichowahi kutoa, nikaihamishia kwenye simu ya mama wa Luena. Nikamtuma kijana wa pikipiki amwite.

Alikuja mchana, benchi likiwa limejaa. Nikaweka simu mezani, nikafungua sauti ya nje ili nisikie mwenyewe kama mikro inafanya kazi vizuri, kama ninavyofanya kila siku. Sikuuliza atamwita nani. Nilidhani atamwita mumewe.

"Allo, mama?" Ilikuwa sauti ya baba.

"Papa, unanisikia?"

"Ninakusikia. Kabisa."

"Inapona! Ule binti ametia mikro ingine. Ni mutoto wa mukono muzuri, papa."

Baba akasema, taratibu, kwa Kiswahili chake cha darasani ambacho hukitumia akiwa na jambo zito, "Mama, huyo ni mwanangu."

"Namna gani?"

"Huyo anayekutengenezea simu ni binti yangu."

"Ule wa Lubumbashi?"

"Hakuna wa Lubumbashi. Nina binti mmoja, ni huyo. Nilikudanganya, mama, na kanisa nimelidanganya. Nilikuwa naona aibu."

Benchi zima lilisikia. Mama wa mikate alisikia, vijana wa pikipiki walisikia, na msichana mmoja aliyeleta simu ya kaka yake alifunika mdomo. Baba hakujua. Yeye alidhani anasema ndani ya sikio la mtu mmoja. Mkono wangu ulikuwa karibu na kitufe cha kuzima sauti, karibu kabisa, na haukusogea. Siku ya kwanza haya zilikuwa za kukanwa. Hizi za kukubaliwa zilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu mzee wa watu alikuwa amesimama uchi mbele ya stesheni, na mimi ndiye niliyefungua mlango.

Mama wa Luena ndiye aliyeichukua simu. Aliibandika sikioni, akatugeuzia mgongo sote. "Eyo, papa," akasema kwa sauti ndogo. "Eyo. Tutasema siku ingine." Akakata. Akanitazama muda mrefu, kama anayenipima upya, kisha akaja upande wangu wa meza na kuinamisha kichwa chake karibu na changu.

"Usimwambie papa yako kwamba hawa bantu banasikia," akasema.

Jioni ile nilikwenda nyumbani. Mama yangu alikuwa anasonga bukari, na baba amekaa uani, redio imezimwa. Alinivutia kiti mwenyewe. Tukakaa. Aliniuliza habari za umeme, kama unafika stesheni kila siku. Nikamwambia unakuja unapotaka. Akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

"Ile siku ya kwanza," akasema akiwa bado ameinama, "nilikuita madame."

"Nilisikia, papa."

"Mutu anaweza kufundisha batoto miaka yote asijifunze kitu."

Kwetu mtoto hamsamehe baba kwa maneno, hiyo ingekuwa kumpanda kichwani. Nikanyoosha mkono nikamwondolea jani lililokuwa begani.

Akaniuliza alichokuwa anataka kuniuliza tangu nilipoingia. "Leo, nikisema na mama wa Luena. Kulikuwa bantu?"

"Hapana, papa. Alishika telefone ku sikio. Minyi nilisikia kwa sababu niliinama karibu."

Alipumua. Mama yangu akatuita kula.

Sasa baba akipita stesheni husimama. Huegemeza baiskeli kwenye mti wa mwavuli wangu, huninunulia mikate, na kumwambia yeyote aliyekaa kwenye benchi, "Huyu ni wangu." Anaisema kwa sauti, kama mtu anayetoa habari mpya. Watu wa benchi wanaitikia kwa heshima, "Eyo, papa, aksanti," na kuangalia chini, maana wengine wao walikuwepo. Mimi pia naangalia chini, kwenye vitu vyangu vidogo. Sijui kama ameshaambiwa kwamba siku ile walimsikia. Mji wetu si mkubwa. Kila anaposimama pale natafuta usoni mwake kama anajua, na kila mara natamani awahi kuondoka, halafu akiondoka namfuata kwa macho mpaka baiskeli inapinda kwenye reli.