Straton wa Karuba, Mtu Asiyepungukiwa

Leo hakuna pikipiki inayopanda mlima kutoka Sake bila mstari wa Maandiko kuchorwa nyuma yake, wala kijana asiyejitangazia ushindi kabla ya kunawa uso, lakini mwishoni mwa miaka ya arobaini Karuba nzima, huku milimani Masisi, ilikuwa na mtu mmoja tu wa namna hiyo, na watu walimhurumia.

Mtu huyo aliitwa Straton Mbonigaba. Hakorimana, ambaye shamba lake lilipakana na la Straton kwa mstari wa matete, alimjua tangu walipochunga mbuzi wa baba zao pamoja. Straton alikuwa mfupi, mpana wa mabega, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye kilima cha pili. Kwa kulima hakuwa na mwenzake. Mkewe, Nyiraneza, alitoka Kalembe, kule mpakani mwa Walikale ambako msitu unaanza na watu wanakula mihogo zaidi kuliko maharage. Binti yao wa pekee, Vestine, alikuwa ameshaolewa Mushaki.

Kabla Maandiko hayajamkaa mdomoni, Straton alizungumza kama mtu aliyelelewa. Siku zile ukiulizwa habari ya mavuno, hukusema yamejaa.

"Mavuno iko namna gani, Papa Straton?"

"Aa, bidogo tu. Panya njo walivuna, siye tuliokota mabaki."

Na nyuma ya nyumba ghala lilikuwa zito hadi nguzo zake zimepinda. Aliyeuliza aliliona, akaitikia "pole", akaenda zake ameridhika. Huo haukuwa uongo. Ilikuwa namna ya kumwachia nafasi asiye na kitu, asione haya kuwa hana, na pia namna ya kuyaelekeza macho ya kapita, msimamizi wa serikali aliyekusanya mazao, kwingine. Adabu hiyo imekufa, na walioiua wanasimama mimbarini.

Kwa Straton aliyeiua alikuwa mwinjilisti Grégoire, kijana aliyetumwa na misioni, mwenye soksi ndefu na baiskeli aliyoisukuma zaidi kuliko kuipanda. Jumapili moja Grégoire alifundisha kwamba mtu hupata kile ambacho kinywa chake kinakiri. Imeandikwa, alisema, aliye dhaifu aseme yeye ni hodari. Basi kila asubuhi, kabla ya kushika jembe, Mkristo achukue neno moja la Maandiko, alitie jina lake mwenyewe, alitamke kwa nguvu. Waumini waliitikia amina wakarudi nyumbani kupika. Straton alirudi nyumbani akaamini.

Kesho yake, Hakorimana alikuwa amechuchumaa akikamua ng'ombe aliposikia sauti juu ya kichuguu ng'ambo ya matete.

"Mimi Straton ni kichwa, si mukia! Mimi Straton sipungukiwi na kitu!"

Ng'ombe alipiga teke, maziwa yakamwagika. Drocella, mke wa Hakorimana, alitoa kichwa jikoni.

"Kuko nini kule?"

"Kichwa kimeamka," alisema Hakorimana.

Ikawa hivyo kila siku. Mwanzoni watu walicheka, kisha wakazoea kama wanavyozoea mbwa wa jirani. Jino lilipomuuma na shavu kuvimba kama kiazi kikuu, Straton alikutana na Hakorimana kisimani.

"Pole na jino, kaka."

"Nimepona."

"Umepona nini? Mudomo hata haufunguke."

"Nimepona kwa imani."

"Basi ambia shavu. Haijasikia."

Nyiraneza hakucheka. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na alianza kuona kwamba kila neno la mumewe lilikuwa na bei, na yeye ndiye aliyelipa. Wageni waliosikia kwamba kwa Straton hakupungui kitu walipita kuhakikisha wakati wa chakula. Jamaa wa mbali walikumbuka ghafla kwamba ni wa karibu. "Sawa, weye ni kichwa," alimwambia mumewe siku moja akikwangua chungu. "Lakini hii nyumba iko na matumbo pia."

Halafu akaja kapita Léopold. Mavuno yalikuwa yamekwisha kukaushwa, na shamba kubwa la wazungu huko bondeni lilihitaji maharage ya kulisha wafanyakazi. Amri ilikuwa kila nyumba itoe kwa kadiri ya ilichonacho. Léopold alipita mlango kwa mlango na wabebaji wake, na kila mlango ulimpa jibu alilolijua tangu utoto.

"Bidogo sana, kapita," alisema Hakorimana. "Mvua ya mawe ilituonea."

"Mvua ya mawe ilinyesha wapi? Mimi niko nakaa hapahapa."

"Ilinyesha kwangu tu."

Léopold alicheka, akachukua kitunga kimoja, akaenda. Hivyo ndivyo serikali na raia walivyoishi pamoja bila kuuana: kapita alijua anadanganywa, mdanganyaji alijua anajulikana, na kitunga kimoja kilitosha kuwaacha wote wawili na heshima zao.

Kwa Straton mambo yalikuwa mengine. Alimngojea mlangoni, mikono kiunoni.

"Papa Straton, na kwako?"

"Ghala zangu zimejaa mpaka zinafurika!"

Léopold hakuwahi kusikia maneno kama hayo tangu avae kofia ya ukapita. Alimwomba ayarudie. Straton aliyarudia, akaongeza kwamba amebarikiwa mjini na shambani. Léopold alivua kofia, akawaita wabebaji wote.

Walitoa kitunga baada ya kitunga. Walipomaliza ghala waliingia ndani, wakaukuta mtungi wa mbegu, maharage yaliyochaguliwa moja moja na kuchanganywa na majivu yasiliwe na wadudu. Nyiraneza aliukumbatia mtungi kwa mikono miwili.

"Hii iko mbegu, kapita. Mbegu haichukuliwe."

Léopold alisita. Hata kapita alikuwa na mama. Alimtazama Straton.

"Muzee, ni mbegu. Tuache?"

Hapo ilikuwa nafasi ya kuokoka. Neno dogo tu lilihitajika. Lakini Straton aliona watu wamekusanyika, na Grégoire mwenyewe amesimama kati yao na baiskeli yake.

"Chukueni," alisema. "Mimi sipungukiwi na kitu."

Grégoire alisema amina. Wabebaji waliondoka na mtungi.

Mvua za kupanda zilipokaribia, Karuba yote ilijua kwamba nyumba ya Straton haina hata punje, na yote ilijua hatari yake. Shamba lililopitwa na mvua bila kupandwa, kapita alimpa mtu mwingine. Nyumba isiyo na mbegu ilikuwa inaelekea kuwa nyumba isiyo na kilima.

Lakini dawa ilikuwapo, tena ya zamani kuliko misioni. Aliyekosa mbegu alikwenda asubuhi kwa jirani na kitunga kitupu, akaketi mlangoni, akasema: "Nyumba yangu haina mbegu." Hakuulizwa kwa nini. Alijaziwa kitunga, akapewa maziwa, akaenda kupanda, na akivuna alirudisha kilichojaa. Sharti lilikuwa moja: lazima aseme. Mbegu ambayo haikuombwa haikupandwa na mtu yeyote, kwa maana aliyekuletea mbegu bila kuombwa alionekana anakupelekea njaa ya kwake. Hata Wakristo waliogopa hilo, ingawa kanisani walisema hawaogopi. Leo mbegu zinanunuliwa Sake katika mifuko yenye picha ya maharage ambayo Masisi haijawahi kuyaona, na jirani yako anaweza kukauka mlango wa pili usijue.

Hakorimana alitenga mbegu za Straton pembeni, akangoja. Asubuhi baada ya asubuhi alikaa mlangoni akijifanya ananoa panga. Alisikia kichwa kikiamka, akasikia kwamba hakipungukiwi, lakini kitunga hakikuja. Mwishowe alivuka matete mwenyewe.

"Papa Straton, mbegu iko?"

"Baraka iko."

"Baraka haipandwe, kaka."

"Sipungukiwi na kitu."

"Mimi siulize Zaburi. Nauliza mutungi." Hakorimana alipunguza sauti. "Kuja kesho na kitunga. Kaa mlangoni, sema ile neno, njo basi. Nimeshatenga."

"Nikisema sina, nimekana neno la Mungu."

"Na ile sala tunasali kila siku? Utupe leo mukate wetu. Ile si kuomba? Bwana mwenyewe njo alitufundisha kunyoosha kitunga."

Straton alitazama chini, akasugua kidole cha mguu kwenye udongo, na kwa muda Hakorimana aliona uso wa yule mtoto mchunga mbuzi aliyemjua. Kisha kifua kikajaa tena.

"Ile ni sala. Hii ni kukiri. Grégoire alitufafanulia."

"Grégoire anakula kwa misioni!"

"Usimtukane mutumishi."

"Basi usiseme kitu. Pita tu kwangu na kitunga, ukohoe. Mimi nitaelewa."

"Siwezi kukohoa," alisema Straton. "Nimepona."

Hakorimana alirudi kwake, akaipiga teke ndoo isiyo na kosa.

Mvua zikaanza. Kilima chote kiliinama kupanda, na Straton naye aliinama. Alilima. Alilima vizuri kuliko wote, mistari imenyooka, mabonge yamevunjwa, udongo mweusi na laini kama unga, na ndani yake hamkuwa na kitu. Wapita njia walimsalimu haraka bila kutazama shamba.

Ndipo Nyiraneza alipokuja. Ilikuwa asubuhi, jua limetoka kati ya mvua mbili. Alivuka matete, kitunga kichwani, akakishusha mlangoni pa Hakorimana, akaketi nyuma ya kitunga hicho. Drocella alipomwona, mwiko ulimdondoka. Kwa maana mbegu iliombwa na mdomo wa nyumba, na mdomo wa nyumba ni mume. Mwanamke aliketi na kitunga cha mbegu pale tu mdomo ule ulipofungwa kwa udongo. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Nyiraneza alikuwa amekuja kama mjane.

"Nyumba yangu haina mbegu," alisema.

Straton alikuwa ameshamwona. Alikuja mbio akipasua matete.

"Sitakufa! Nitaishi! Nitatangaza matendo ya Bwana!"

Drocella alipangusa mikono, akaketi karibu na mgeni wake kama inavyopasa.

"Pole sana, dada. Alikufa lini?"

"Siku kapita alikuja."

"Na huyu anapiga kelele?"

"Ni kelele tu," alisema Nyiraneza.

Watu walikuwa wanasogea kutoka mashambani, majembe begani. Hakorimana alisimama katikati ya mlango. Akijaza kitunga, amemzika rafiki yake mbele ya kilima kizima. Asipokijaza, mwanamke huyu atalala njaa, tena kwa kosa la kusema kweli. Alimshika Straton mkono, akamvuta hadi mbele ya kitunga.

"Kaka, shika hiki. Kishike weye. Sema neno moja, siye wote hatukuona kitu. Si njo vile?" aliwauliza watu.

"Njo vile," walijibu.

Straton alishika ukingo wa kitunga. Nyiraneza aliinua macho, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile uso wake ulikuwa unaomba. Straton alikivuta kitunga kidogo upande wake.

"Mimi," alianza.

"Ee," alisema Hakorimana. "Endelea, kaka. Polepole."

"Mimi… mimi ni kichwa."

Nyiraneza alifumba macho. Hakorimana aliingia ndani, akatoka na mbegu, akajaza kitunga mpaka juu. Hakuna aliyesema amina.

Mbegu ya mjane haikupandwa katika shamba la marehemu. Ilirudi naye kwa ndugu zake. Kabla mvua hazijapungua, Léopold alimpa kijana mmoja, Honoré, shamba la Straton. Honoré alidondosha maharage katika ile mistari, na yakaota vizuri ajabu, kwa maana hakuna shamba lililowahi kulimwa hivyo. Grégoire alilitaja katika mahubiri kama mfano wa mtu kuvuna asipolima. Jina la aliyelima hakulitaja.

Siku waliyoondoka kwenda Kalembe, Hakorimana aliwasindikiza. Nyiraneza alitangulia, kitunga kichwani. Straton alifuata, mkeka uliokunjwa begani, kuku mmoja kwapani. Hakuna aliyemfukuza wala aliyemwalika. Wanawake waliokuwa njiani walisimama wakimpa Nyiraneza pole za msiba, naye alizipokea moja moja kwa mikono miwili. Straton hawakumsalimu, si kwa ubaya, ila hawakujua marehemu anasalimiwa vipi.

Walitembea hivyo hadi pale njia inapoanza kushuka. Hapo Hakorimana alisimama.

"Kaka, kule utafanya nini?"

Straton alihamisha kuku kwenye kwapa la pili.

"Kule wanakula muhogo," alisema kwa sauti ndogo ambayo Hakorimana hakujua kwamba anayo. "Iko muchungu. Unalazwa ndani ya maji, ao unaumiza tumbo. Masiku ngapi, sijue."

"Utauliza shemeji zako."

"Sijue kama watanijibu."

Nyiraneza alikuwa amesimama mbele, hakugeuka. Alingoja mpaka aliposikia hatua nyuma yake, ndipo akaendelea. Hakorimana aliwaona wakishuka, mke mbele na mume nyuma, mpaka matete yalipowafunika, kwanza Straton kwa ufupi wake, kisha kitunga.