Wati Mia Mbili na Hamsini

Dada yangu alikuwa taipisti kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Kiwanda kilipopata mwenye mali mpya, mataipisti walikuwa wa kwanza kupunguzwa. Akaamua kufungua chumba cha kuchapa barua pale Igogo. Mimi nilikuwa nimesoma kozi ya kompyuta ya miezi mitatu, nikamwambia asinunue kompyuta iliyokamilika, nitamuundia mwenyewe. Nilisema hivyo mbele ya ukoo mzima, Jumapili, tumetoka kanisani.

Vifaa vilikuja kimoja kimoja kutoka Nairobi na Dar, vingi vimeshatumika. Kikabaki kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya mashine. Duka nililolipata mjini lilikuwa navyo viwili tu, kimoja kimeandikwa wati 150, kingine wati 250. Nikaduwaa. Kwenye kozi tulifundishwa kuwasha na kuzima. Wati hakuna aliyezitaja.

"Chukua kikubwa, kaka," muuzaji alisema. "Mashine itavuta inachohitaji tu."

Sikumwamini, kwa kuwa ni muuzaji. Nikaenda Kirumba kwa mzee aliyekuwa akitutengenezea redio tangu nikiwa mdogo. Nikamwamkia, nikamweleza.

"Kikubwa kitaisukumia mashine umeme isioumudu," alisema. "Chukua kidogo."

Siku mbili nilizunguka na majibu hayo. Kila moja lilikuwa la kweli mpaka nilipolifikiria lile lingine. Mwishowe nikamwambia dada kwamba sijui.

"Pale sokoni Mwaloni," akaniuliza, "mzani wa kilo mia ukiuwekea sangara wa kilo tano, unamponda?"

"Hapana."

"Basi tununue kikubwa."

Tukakinunua. Nilikifunga mchana, dada amesimama nyuma yangu. Nyaya nilizikagua mara tatu, kisha nikawasha. Kikatoa kishindo kimoja, moshi ukatoka kwa nyuma, chumba kikajaa harufu ya kuungua. Dada alikwenda kufungua dirisha.

Nikambebea mzee kile kisanduku, nikitegemea kukaripiwa. Alikigeuza, akanionyesha kitufe chekundu cha kusogeza kando ya tundu la waya. Nilikuwa nimekiona, nikakidhania pambo.

"Kiko kwenye volti mia na kumi na tano," alisema. "Umeme wetu ni mia mbili na thelathini. Ulitakiwa kukisogeza kabla hujawasha."

"Kwa hiyo siyo wati?"

"Siyo wati." Akanirudishia kisanduku. "Na zile wati, siku ile nilikuwa nakisia tu. Sikutaka uondoke bila jibu."

Sikujua nicheke au nikasirike. Nilimshukuru.

Tulirudi dukani tukachukua kile kidogo, ndicho pekee kilichobaki. Mzee alikuja Igogo mwenyewe, akasogeza kitufe, akavaa miwani akakihakiki tena. Nikawasha. Skrini ikaonyesha maandishi meupe. Kumbe kidogo kilitosha, na kikubwa nacho hakikuwa na kosa, nami sikuweza kusema kwa hakika nimejifunza nini. Nilibaki nimeiinamia mashine, nikinusa.

"Sogea hapo, mdogo wangu," dada alisema. "Unanizibia mwanga."

Akavuta kiti, akaanza kuchapa.