Dawa Aliyosahau Kuitaja

Wifi yangu, mke wa kaka, ni msusi, na kwa kusuka hana mpinzani. Nasema hivyo ingawa hatupikiki chungu kimoja. Tulikuwa tunasuka saluni moja, na tangu kaka akose kazi, vidole vya wifi ndivyo vilivyolisha nyumba nzima.

Basi vidole vikaanza kuwasha. Mara vipele, mara malengelenge, mara ngozi inapasuka, hadi akishika kitana anauma meno. Yeye anasema ni uchovu. Uchovu gani unatoa maji?

Alikwenda zahanati peke yake, akaulizwa kama kuna dawa anatumia. Akajibu hakuna, hajameza hata ya kichwa. Akapewa ya fangasi, haikusaidia kitu. Safari ya pili nikamsindikiza kwa daktari wa ngozi. Kaulizwa lile lile, kajibu vile vile. Nikachemka.

“Daktari, huyu anashinda na dawa mikononi kutwa.”

“Dawa gani?”

“Ya nywele. Na rangi.”

Wifi akanigeukia. “Hiyo nayo dawa?”

“Kwani sisi tunaiitaje?”

Daktari akambandika vibandiko mgongoni, kila kimoja na kitu chake tunachotumia saluni, aone ngozi itakataa kipi. Tuliporudi kwake baada ya siku chache, chini ya kimoja ngozi ilikuwa imevimba na kutoa vipele: rangi nyeusi ya nywele. Akatueleza kwamba dawa ya kunyoosha inaweza kumchubua mtu yeyote, lakini rangi ni mwili wa wifi wenyewe ulioikataa, na ukishakataa, hata kidogo tu kinauchokoza. Vile viglavu vyetu vyembamba havizuii. Akampa krimu ya kutuliza uvimbe kwa muda, na mafuta mazito ya kupaka kila akinawa. Rangi asiguse tena.

Alishika masharti kwelikweli, mbishi yule. Vidonda vikafunga, nami nikafurahi kuliko nilivyomwonyesha.

Kisha bosi akaja na mteja. “Ukimaliza huyo, mpake huyu rangi.”

“Rangi sipaki tena, bosi. Kusuka, nitasuka mpaka ufunge.”

“Msusi wa kuchagua kazi simtaki. Paka, au nenda.”

Wifi alikuwa katikati ya kichwa cha mtu. Nilijua anawaza nyumbani watakula nini.

“Nitakwenda,” akasema. “Saluni ni yako, mikono ni yangu.”

Akakusanya vitana vyake. Nami, sijui nilipandwa na nini, nikakusanya vyangu. Tulipofika mlangoni tukasikia kiti kinaburutwa. Mteja wake, kasukwa nusu kichwa, taulo begani, anatufuata huku anauliza tunakwenda kukaa wapi ili wifi ammalizie.