Jina Nililolisoma kwa Sauti

Kashikishi ya utoto wangu ilinuka chisense, vile visamaki vidogo kama sindano vinavyoanikwa juu ya mchanga kando ya Ziwa Mweru mpaka vikauke na kung'aa. Upepo wa kiangazi ulipovuma kutoka ziwani, harufu ile ilichanganyika na ya mihogo iliyolowekwa, ikaingia kwenye nguo, kwenye madaftari, hata kwenye maji ya kunywa. Tulikuwa tumevuka kutoka Kongo nikiwa bado mgongoni kwa mama, hivyo sikujua harufu nyingine ya nyumbani. Kiangazi ninachotaka kukisimulia ni kile nilipokuwa na miaka kumi na miwili, ambapo dada yangu Odette alikuwa ameposwa.

Mchumba wake aliitwa Kapembwa, fundi wa mitumbwi kutoka Puta, mtu mpole ambaye kila akija kwetu aliinama mlangoni ingawa mlango haukuwa mfupi. Watu wake walikuwa wamekwisha kuleta sahani ya posa, sahani mbili nyeupe zilizofunikana, na mama alizihifadhi ndani ya sanduku la nguo. Kisha siku moja akaja shangazi yake Kapembwa, mwanamke mzee tuliyemwita Ba Chileshe. Alikaa kwenye mkeka, akakataa chai, akamwambia mama kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Mayo, kuna neno. Babu yetu Yoano Musonda alikuwa na mtoto mwanamuke, walimuvusha kwenda Kongo akiwa mudogo. Hatukumuona tena. Sasa nasikia mama yako naye alisema baba yake ni Yoano."

Ilikuwa kweli. Mama yake, ambaye sisi tulimwita Kambo, alivushwa ziwa akiwa mtoto, akalelewa na watu baki upande wa Kongo, na jambo moja tu alilolibeba kutoka ng'ambo lilikuwa hilo jina, Yoano. Yoano yupi, hakuna aliyejua, na Kambo alikuwa amekwisha kufariki. Yule Yoano Musonda wa Puta alikuwa baba wa babu yake Kapembwa. Kama ndiye baba wa Kambo pia, basi Odette na Kapembwa walikuwa ndugu wa damu, na ndugu hawaoani. Ba Chileshe alisema kuna kitabu cha ubatizo katika misheni moja mbali kidogo na barabara kuu. Kitabu kitaamua.

Mama hakujua kusoma, na Odette hakutaka kwenda. Alisema, "Miye siwezi kusikia iyo maneno na masikio yangu." Basi nikaenda mimi, niliyekuwa wa kwanza darasani kwa kusoma, na nilijivunia safari ile kama niliyepewa cheo. Mimi na mama tulikwenda mara tatu. Mara ya kwanza tulitembea asubuhi nzima, tukakuta mwenye ufunguo amekwenda msibani. Tukarudi. Mara ya pili tulifunguliwa, lakini kitabu tulichopewa kilikuwa cha wafu, na tulijua hivyo baada ya mimi kusoma kurasa nyingi za majina huku mama akiuliza kila mara, "Iko wapi? Haujamuona?" Tena majina yenyewe yalikuwa yameandikwa kila padri na mkono wake. Kambo aliitwa Anna Chola, lakini Chola aliandikwa Cola, pengine Tshola, na Anna walikuwa wengi mno. Mama alianza kukasirika na kila kitu: kitabu, mapadri wa zamani, hata marehemu mama yake, kwamba mtu anawezaje kwenda kaburini bila kumwambia mwanawe jina la ukoo wa babake. Njiani alitembea mbele yangu.

Mara ya tatu tulimkuta katekista mzee aliyekitunza kitabu chenyewe. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe, asiweze kusoma tena, ila alijua kila ukurasa ulipo. Alituuliza jina la kijiji na mwaka wa njaa ambao Kambo aliutaja, akapekua kwa vidole, akaufikia ukurasa. Kabla ya kunipa alifunika ukurasa kwa karatasi ya kaki yenye tundu refu, mstari mmoja tu ukabaki wazi. "Humu mna habari za watu," alisema, "si vizuri kila mtu kuziona." Akaniambia jina la kwanza ni la mtoto, linalofuata ni la baba.

Nilisogeza karatasi chini mstari kwa mstari, mpaka nikamwona: Anna Tshola, na kijiji ndicho chenyewe. Baada ya jina lake palikuwa na doa la maji, la rangi ya chai, pana kama viganja viwili vya mtoto. Baada ya doa yalifuata maandishi safi. Mama alikuwa amenikodolea macho. Katekista alikuwa ameinamisha kichwa kusikiliza. Nilitaka kusoma bila kukwama, kama nilivyosoma darasani, basi nikaliruka doa na kutamka kwa sauti, "Yoano Musonda."

Katekista akapumua. "Inatosha," alisema, akafunga kitabu.

Sahani zilirudishwa wiki ile ile. Kapembwa alikuja mara moja tu, akasimama nje, na mama hakumruhusu Odette atoke. Odette hakulia mbele yetu. Alianza kwenda ziwani alfajiri kuanika samaki na wanawake wengine, akarudi jua limezama, na kwa miezi mingi hakuniita kwa jina. Mimi niliyeleta habari nilidhani amechukia habari.

Mwaka jana nilikwenda kutafuta cheti cha ubatizo cha mwanangu. Siku hizi vitabu vya zamani vimepigwa picha, vimo katika kompyuta ya parokia, na karani, binti mmoja mchangamfu, alinionyesha ukurasa wa Kambo mzima, bila karatasi ya kaki. Nikaona nisichowahi kuonyeshwa. Jina la Yoano Musonda lilishuka ukurasa ule kutoka juu hadi chini, mtoto baada ya mtoto, katika safu ile ile moja. Nilimwuliza karani mtu huyu alizaa watoto wangapi. Alicheka. "Mama, hawa si watoto wake. Hii ni safu ya wasimamizi wa ubatizo. Alikuwa mwalimu wa dini, huyo, alisimamia kijiji kizima." Safu ya baba ilikuwa kushoto kwa hiyo. Kwa Kambo ndipo lilipokuwa doa.

Nilipiga picha kwa simu nikampelekea Odette sokoni, ambako anauza samaki kwa jumla. Aliolewa baadaye na mfanyabiashara wa ng'ambo, wakazaa, mume akafariki. Kapembwa naye ana watoto wakubwa huko Puta. Nilimweleza yote, pamoja na doa nililoliruka. Alifuta mikono kwenye kitenge, akachukua simu, akalikuza doa kwa vidole viwili.

"Sasa baba ya Kambo iko nani?"

"Sijui, Yaya," nilimjibu dada yangu. "Inawezekana ni Yoano huyo huyo, inawezekana ni mwingine. Hapasomeki."

"Basi hata leo haujui."

"Sijui."

Ile simu inaweza kufanya herufi ya padri kuwa kubwa kama kidole, jambo ambalo utotoni lingekuwa muujiza, lakini doa nalo hukua pamoja na herufi. Tangu siku ile nimeandika barua kwa parokia mbili za Kongo kuulizia nakala. Moja haikujibu, nyingine imejibu kwamba vitabu vyao viliungua wakati wa vita. Siku ile sokoni, Odette alinirudishia simu.

"Ungesema tu," aliniambia, bila ukali wowote, "ungesema, 'Mama, hapa sioni.'"

Kisha mteja akaita, naye akainuka kwenda kumpimia samaki.