Mipira ya Breki Iliyozeekea Kwenye Boksi

Gereji nzima ilimwita Kunguru, na sababu ilikuwa woga wake. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, ndivyo wasemavyo, na fundi huyu aliukimbiza hata pasipokuwa na jiwe. Nati aliyoikaza jioni aliiamkia tena asubuhi. Mkewe aliwaambia majirani kuwa mume wake hukitikisa kiti kwanza ndipo akikalie. Wakacheka weee, lakini magari yao ya zamani wakampelekea yeye, kwa kuwa hapakuwa na mkono mwingine ulionyoosha bati namna ile.

Mzee mmoja mstaafu alimletea gari lake la ujanani, kutu imelila mpaka kwenye mbavu. Alitaka lirudi kama lilivyokuwa siku alipomtoa mkewe kwao kwenda kumuoa.

"Kila kitu orijino, Fundi. Usiniletee mambo ya kisasa."

Karibu yote Kunguru aliyakubali. Milango aliigonga kwa nyundo ya mbao hadi ikanyooka yenyewe, bila kufichaficha mabonde kwa pati ya kuzibia. Rangi aliisugua mpaka ukaweza kunyolea ndevu mbele yake. Nyaya mpya za umeme aliruhusiwa baada ya kubembeleza sana, kwa sharti zisionekane.

Wakakwama kwenye breki. Mzee alikuwa ameipata mipira ya kupitishia mafuta ya breki, ya kiwanda kilekile, ndani ya boksi lisilofunguliwa tangu enzi hizo. Aliibeba kama mayai.

"Mzee wangu, mpira huzeeka hata ukikaa kwenye boksi. Nikufungie ya siku hizi, iko chini huko, nani ataiona?"

"Mimi nitajua. Na hii ni mipya, haijatumika hata siku moja! Funga."

Akafunga. Woga wa kumuudhi mzee ulishinda woga wa mpira, na tangu hapo kila alipopita karibu na gari lile aliinama kuichungulia mipira.

Siku ya kulichukua, mzee alikuja na mkewe. Mama wa watu alijipamba, kajitia manukato, akapanda mbele akaketi akitabasamu. Mbele ya gereji barabara iliteremka moja kwa moja hadi njia kuu, malori yakipita yakinguruma. Kunguru alipomwona mama pale kitini, alikimbilia mlangoni.

"Mama, shuka tafadhali. Acha nilijaribu kwanza mimi."

"Si ulishalijaribu?" mzee akauliza.

"Humu uani tu, palipo tambarare. Mteremko bado."

"Yaani kazi yako mwenyewe huiamini?"

"Siiamini, mzee. Naogopa."

Mafundi wenzake wakaangua kicheko. Mzee alinuna, lakini mama alikwisha kushuka. "Mwache aende, baba watoto. Mbona wewe siku ya kunichukua kwetu ulinisubirisha mpaka jua likazama?"

Kunguru akaingia garini, akashuka nalo mteremko, jasho likimtiririka mgongoni. Akakanyaga breki, gari likatii. Akakanyaga tena, likatii. Aibu ikaanza kumpanda. Wangemcheka mwaka mzima. Malori yakawa yanaonekana magurudumu sasa. Akakanyaga mara ya tatu, na pedali ikazama hadi chini kama mguu kwenye tope.

Alipiga kelele, hakumbuki alisema nini. Akavuta hendibreki kwa mikono miwili, haikusaidia kitu. Akarudisha mkono kwenye usukani, akakata kushoto, akalibamiza gari kwenye ukuta wa nyumba iliyokuwa ikijengwa. Boneti ikajikunja, kioo kikapasuka, matofali yakaporomokea ndani.

Yeye alikuwa mzima. Alitetemeka hata mlango ukamshinda kufungua, na juu ya hofu ile ikamjia nyingine: mzee yule anakuja mbio, na gari lake la harusi limekuwa chapati.

Mzee alifika akihema. Alifungua mlango wa upande wa pili, akasimama. Matofali yalijaa kwenye kiti cha abiria, moja limechana mgongo wa kiti pale kinapofika kichwa cha mtu.

"Mzee wangu, nisamehe," Kunguru alisema. "Boneti nitainyoosha. Nitainyoosha yote."

Mzee hakuitazama boneti. Aliinama akaanza kutoa matofali, moja moja, kisha akapangusa vigae vya kioo kwa kiganja kitupu, akapangusa tena na tena, damu ikimchuruzika, mpaka mkewe alipofika akamshika mkono.