Maman Onja na Kikapu cha Kinyonga

Jina lake la ubatizo lilikuwa Véronique, lakini pale Mururu, miaka ile ng'ambo ya mto ilipokuwa bado inaitwa Zaire, aliyelitumia ni padri peke yake. Wengine wote walimwita Maman Onja. Huku kwetu anayekukaribisha kinywaji hupiga funda moja mbele yako ndipo akupe, ujue hamna sumu ndani. Ni adabu tu, watu huifanya huku wakiongea mengine. Maman Onja hakufanya adabu, alifanya upelelezi. Ukimpa kopo la pombe ya ndizi alitaka unywe hasa, akukodolee macho kooni mpaka ishuke, halafu akuulize habari za mvua na bei ya maharage, kumbe anangoja kuona kama macho yako yatabadilika. Povu likishakufa kabisa, ndipo alipopokea.

Msimcheke. Mume wake, Muderhwa, alivuka kwenda Bukavu kwenye matanga akiwa mzima, akarudi ameshika tumbo. Tumbo likavimba, na kabla maharage hayajavunwa wakamzika. Hospitali walisema ni ini. Véronique alisema ni karuho, ile sumu ambayo watu wanasema haikuui leo, inaingia ndani yako na kukaa ikingoja. Tangu hapo aliuza sambaza, dagaa wa ziwani, sokoni Kamembe kutwa nzima, na njaa imuume vipi, hakutia mdomoni chakula cha mtu kisichoonjwa mbele yake.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Bahizire, dereva wa lori. Mchumba wake wa kwanza alikimbia siku ileile ya kujitambulisha, baada ya kuonjeshwa chai, mkate, na hata maji ya kunawa. Kwa hiyo alipomleta Uwera, msichana wa Gitambi, akamwoa, Bahizire alimwita mama yake pembeni.

"Maman, huyu ukimufukuza, mi pia naenda naye. Tutapanga nyumba Kamembe. Utabakia na sambaza yako."

Akapakia saruji, akaenda zake Uvira, akawaacha wanawake wawili chini ya bati moja. Maman Onja alibaki na hofu mbili zinazovutana: afe kama Muderhwa, au azeekee humo peke yake.

Uwera alikuwa mpole, na hilo nalo lilimtia mama mkwe wasiwasi. Aliambiwa aonje, alionja bila kununa. Lakini chakula chake mwenyewe hakukigusa. Alijipakulia kidogo, akakisukumasukuma kwenye sahani, kisha akawamwagia kuku. Mifupa ya mabega ikaanza kumtoka. Mtu anapika vizuri hivyo halafu hali, kuna nini ndani ya sufuria? Maman Onja aliliuliza swali hilo kila jioni, na jibu lilikuwa lilelile. Akaanza kujichomea viazi vyake mwenyewe, akavila amesimama mlangoni.

Kisha vitu vikaanza kutoweka. Kikapu cha sambaza kilichotoboka kitako hakikuwepo tena ukutani. Chandarua kuukuu kilikatwa kipande, tena kwa mkasi, kwa ustadi. Nyuma ya jiko ulitokea mkebe umejaa maganda ya ndizi yaliyooza, vijinzi vidogo vikizunguka juu yake, na Uwera hakuumwaga. Siku nyingine Maman Onja alimkuta ameinama anatoboa kopo la maziwa kwa msumari, tundu moja dogo tu. Alipoulizwa alisema, "Ni ya maji, Maman," akalificha nyuma ya kitenge.

Maji gani hayo ya kopo lililotobolewa? Maman Onja alimpelekea habari Eugénie, jirani aliyeuza mkaa, na Eugénie hakuwa mtu wa kuzima moto.

"Maganda ya kuoza? Na kopo ya kudondosha? Véro, ni karuho hiyo. Banaipikaka hivyo hivyo."

"Weye umeona bakipika?"

"Mi? Yesu! Nimesikia tu."

Ilitosha. Kesho yake Maman Onja alijifanya anakwenda sokoni, akazungukia kwenye migomba, akatokea nyuma ya jiko. Kile kikapu kilikuwa kimening'inizwa chini ya bati kwa kamba, mahali panapopata jua la asubuhi tu. Kitako kilikuwa kimezibwa, na mdomo umeshonewa kipande cha chandarua, upande mmoja umefungwa kwa pini ili ufunguke. Ndani vijiti vilipitishwa huku na huku, vyembamba kama penseli, na tawi la kahawa lenye majani yake. Uwera alikuwa anarekebisha kijiti. Na juu ya kijiti hicho, mkubwa kupita kidole kidogo tu, alikaa kinyonga. Jicho moja lilimtazama Uwera. La pili lilijizungusha taratibu, likatua kwa Maman Onja.

Alipiga yowe mpaka kuku wakatawanyika.

"Ile ni nini? Sema, ni nini ile?"

"Ni kinyonga, Maman. Iko mutoto bado. Papa alikuwa anakata kahawa za zamani kule kwetu, tawi ikaanguka nako. Nikakabeba mu kitambaa."

"Mu nyumba yangu! Unajua batu banafanyaka nini na kinyonga?"

"Mi najua kanakula inzi tu." Hakurudi nyuma. "Ndiyo maana ya maganda. Kamudomo kake iko kadogo, inzi kubwa inakashinda. Na hakajue kunywa mu kisahani, mpaka maji idondoke ku majani. Kwanza nilikaweka vijiti vikubwa, miguu ikashindwa kushika, kakaanguka. Nikabadilisha."

Maman Onja alisogea, akakodoa macho. Kile kijani cha mnyama kikafifia mbele yake, kikaingia hudhurungi, kikawa cheusi.

"Unaona? Inageuka! Ni uchawi!"

"Usikaangalie sana, Maman. Kakiangaliwa sana kanakuwa mweusi, kanaacha kula." Uwera alitazama chini. "Kanaweza kufa hivyo tu."

Maman Onja alichukua maneno hayo kama fumbo, tena fumbo la kumtisha. Alisema akirudi kutoka sokoni asikikute hicho kitu.

Alirudi akakikuta. Aliyekuwa anaondoka ni Uwera, na furushi la nguo chini ya kwapa.

"Naenda kwetu. Sijuwe kama nitarudia. Naomba kitu moja tu, usikatupe mu choo. Kama unakakatala, ukaweke ku kahawa."

Hakulia. Laiti angelia, Maman Onja angejua la kumwambia.

Asubuhi iliyofuata alikwenda nyuma ya jiko na koleo la mkaa, amekusudia kukibeba kikapu kwa mbali mpaka chooni. Akasimama mbele yake. Kinyonga akawa mweusi, akajibana kwenye kijiti, macho yamekwama. Kuku mmoja akaparamia mkebe wa maganda, na Maman Onja akageuka kumfukuza. Alipotupa jicho la pembeni tu, kikapuni mlikuwa na kitu cha kijani. Ulimi ulitoka, kijinzi kikatoweka.

Hakuamini. Akatazama waziwazi: cheusi. Akageuka, akajifanya anahesabu migomba: kijani, na kinakula. Akarudia, kwa maana yeye hakuwa mtu wa kuamini jambo kwa mara moja. Akarudia tena, mpaka akawa ameacha kumjaribu kinyonga, anamwona Uwera: kijiko kimefika mdomoni, halafu yale macho yake, ya Maman Onja mwenyewe, yakimfuata kooni kila siku ya Mungu. Nani angemeza? Mifupa ile ya mabega haikuwa hatia ya mpika sumu. Alikuwa ameitengeneza yeye, kwa kutazama. Aibu ilimpanda ghafla, akaketi kwenye gogo la kuchanjia kuni.

Baadaye akaona kopo ni kavu. Akalijaza maji ya mtungi, akaziba tundu kwa kidole, na kabla hajalitundika, mkono ukajiendea wenyewe mdomoni. Akapiga funda, akameza, akangoja kidogo kwa mazoea. Ndipo akaliweka juu ya majani, matone yakaanza kushuka.

"Mi mujinga," akasema kwa sauti, na hapakuwa na wa kumkatalia.

Siku hiyo sambaza zake aliziacha kwa Eugénie, akapitia Nyakarenzo kwa miguu, akafika Gitambi vumbi limempanda magotini. Wazazi walikuwa shambani. Uwera alikuwa peke yake uani anapakua maharage na ndizi. Alisimama ghafla, mwiko mkononi.

"Maman. Umekatupa?"

"Kako. Kamekunywa." Akakohoa. "Maji yake nilionja kwanza."

Uwera alimtazama asijue kama acheke. Akamletea kigoda na sahani, na kwa mkono mwingine kijiko, akakiingiza kwenye maharage yale ili yeye mwenyewe aonje kwanza kama ilivyo kawaida.

"Acha," alisema Maman Onja. Akamnyang'anya sahani na kijiko. "Jipakulie yako, ukule. Mi niko naangalia kahawa."

Akakigeuza kigoda, akampa mkwewe mgongo. Mbele yake yalikuwa mashina ya kahawa yaliyokatwa, na machipukizi yake mapya. Alipeleka kijiko mdomoni huku bado anaogopa, kwa sababu hofu ya miaka haiondoki kwa kugeuza kigoda. Alitafuna, akameza. Akangoja kusikia tumbo lake lingesema nini.

Alichosikia ni kijiko cha Uwera kugonga sahani, mara ya kwanza kwa woga, kisha tena, kisha kikaanza kukwangua. Alitamani sana kugeuka kuangalia. Aliendelea kutazama kahawa.