Meza ya Memsahib na Neno Shabi

Enzi zetu Kiingereza kilifundishwa kwa kidole. Mwalimu alielekeza kidole kwenye kitu, akapaza sauti akataja neno, nasi tukalirudia mpaka mishipa ya shingo ikatoka, basi umeshajua. Kidole kikielekea vitu viwili kwa pamoja, hiyo ni shauri yako. Hatukuwa na hizi simu ambazo mjukuu wangu anaziuliza kila kitu, hata kama mvua itanyesha, na mawingu anayaona dirishani. Nyinyi mliosoma Nakuru miaka ile ya hamsini mnajua ninachosema. Wengine wetu hatukufika mbali. Mimi niliishia darasa la nne na sifichi. Lakini neno moja la Kiingereza nalijua kuliko maprofesa, kwa sababu lilinichoma.

Tulikaa Bondeni, chumba kimoja cha kupanga, kuta za udongo na paa la madebe yaliyofunguliwa yakagongwa yakawa bapa. Upepo ukitoka upande wa ziwa ulileta vumbi jeupe la magadi, na nguo uliyoanika ikiwa nyeusi uliianua ikiwa ya kijivu. Tulicheza mchezo wa kati kwa mpira wa matambara, tukacheza kalongolongo tukipika udongo ndani ya vifuniko vya kiwi ya viatu. Jirani yetu alikuwa Mama Zaituni, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka pwani, na harufu ya mahamri yake asubuhi ilitutesa kuliko fimbo ya mwalimu. Alikuwa akiniita, "We mtoto wa Kimaragoli, njoo ule hili lililovunjika." Mimi nadhani alikuwa anayavunja makusudi. Lakini nimeanza kuongea juu ya chakula, sitamaliza.

Baba yangu alikuwa fundi wa kupiga vanishi katika karakana ya Mhindi mmoja mjini. Kazi yake ilikuwa msasa na kitambaa: anasugua mbao, anapaka, anangoja, anasugua tena, mpaka meza inakuwa kama maji yaliyotulia. Mikono yake ilinuka spiriti hata Jumapili kanisani. Nilipewa jina la mama yake, kwa hivyo hakuniita Rasoa, aliniita mama. Na huyo mama yake mdogo alikuwa anasoma Kiingereza! Baba hakuwahi kuingia darasani hata siku moja, basi jambo hilo lilimpanda kichwani. Tukipita dukani ananiambia, "Mama, soma pale." Nasoma "Tea." Anawatazama watu kama amesoma yeye.

Mwalimu wetu alikuwa Mwalimu Ezra, mtu mwembamba mwenye sheria moja: somo la Kiingereza likianza, Kiswahili kinabaki nje na mbwa. Siku moja akatufundisha neno jipya. Akagusa pembe ya meza yake, pale ambapo mikono ya walimu ilikuwa imesugua rangi ikaisha, mti ukabaki mtupu unang'aa kama upara. "Shabi!" akasema. Akainua mguu, akagusa ncha ya kiatu chake, kiatu kizee kilichopigwa kiwi mpaka unajiona uso kwenye nyufa zake. "Shabi!" Halafu akamvuta Wanyama mbele, akamgeuza, akaonyesha makalio ya kaptula yake, pale kitambaa kilipolika kwa kukalia mawe, kikawa laini kinametameta. "Veri shabi!"

Sasa niambie wewe. Pembe ya meza inang'aa, kiatu kinang'aa, kaptula ya Wanyama inang'aa. Mimi ningejua maana gani nyingine? Na shaba si inang'aa? Nikamwangalia Wanyama kwa wivu. Jioni nikamwambia baba, "Leo nimepata neno la kazi yako. Kitu kikisuguliwa kikang'aa, wazungu wanasema shabi." Baba akalirudia taratibu akisugua hewa kama anasugua mbao. "Shabi. Shabi. Ni neno zuri, mama."

Haikupita muda, ikaja habari pale karakana kwamba kuna mzungu mmoja juu ya Dundori anatafuta fundi wa kurekebisha meza, viti na makabati ya nyumba nzima, na baadaye abaki pale shambani kama fundi wa kudumu. Mfanyakazi huyo atapewa nyumba ya mawe, vyumba viwili, dirisha lenye kioo. Mama yangu aliposikia dirisha la kioo hakulala vizuri tena. Alikuwa mjamzito, na kile chumba chetu kilikuwa kimeshajaa sisi na moshi. Kabla baba hajaenda hata kuonwa, mama alikuwa ameshafunga sufuria kwa shuka na kuwaaga majirani nusu.

Taabu ilikuwa moja. Yule mzungu mwenye shamba alijua Kiswahili chao kile cha kuamrisha, lakini siku hizo alikuwa safarini, na mkewe, memsahib, alikuwa mgeni kutoka Ulaya, anajua "jambo" tu, na hiyo jambo yenyewe ameivunja mguu. Mafundi wengine wakasita. Baba akacheka. "Mimi nina mkalimani nyumbani."

Basi Jumamosi tukapanda lori lililokuwa linarudi Dundori kuchukua viazi. Nilivaa gauni la shule. Baba alipaka viatu kiwi, akabeba mfukoni pasi yake, kile kibali cha kutembea, maana ilikuwa ile miaka ya hali ya hatari, askari walikuwa kila kona. Njiani aliniuliza mara kwa mara, "Lile neno bado unalo?" Nikamwambia ninalo. Kule juu baridi ilikuwa inauma masikio na nyasi zilikuwa kijani mpaka unataka kuzila.

Memsahib alitupokea barazani. Alikuwa msichana tu, nikikumbuka sasa, pua nyekundu kwa baridi. Akatuingiza kwa chumba cha kulia, akatuonyesha meza. Ee, ile meza! Ilikuwa kubwa, ya mti wa maana, lakini vanishi ilikuwa imebambuka vipande vipande, pengine nyeusi, pengine nyeupe, na alama za vikombe vya moto duara duara kila mahali. Akasema maneno mengi. Nilishika "tebo" peke yake.

"Anasema nini, mama?"

"Anauliza meza ina nini."

"Mwambie imechakaa. Vanishi imebambuka, imetoka mabaka. Lakini mti wenyewe ni mzima, asihofu."

Nikatafuta. Nilipekua kichwa changu chote kama mtu anayetafuta ufunguo ndani ya kiondo. Imechakaa ni nini? Mabaka ni nini? Nikasema, "Tebo is old."

Baba akanitazama. "Umesema hayo yote?"

"Ndiyo, baba."

"Kizungu ni kifupi eh."

Nikaona haya, nikataka kuongeza yale mabaka. Yale maduara yalinikumbusha mapunye kwenye vichwa vya watoto wa shule. Nikasema, "Tebo is sick, madam," nikagusa kichwa changu kumwonyesha. Memsahib akarudi nyuma hatua.

"Sasa mwambie nitaifanya nini," baba akasema, amenyooka kama yuko mbele ya chifu.

Hapo ndipo nilipokuwa nimejiandaa. "Mai fatha will meki it veri, veri shabi."

Memsahib akakunja uso, akacheka kidogo. "But it is shabi oredi."

"Anasema nini?"

"Anasema tayari inang'aa."

Baba akaitazama meza. Akamtazama memsahib. Akanitazama mimi. "Hii?"

"Ndivyo anavyosema."

"Huyu mama macho yake ni mazima? Mwambie bado. Mwambie kwetu tuna kameza kadogo nilikapiga msasa mwenyewe, hako ndiko kanang'aa. Aje aone kazi yangu."

Nikavuta pumzi, nikatoa Kiingereza changu chote kilichobaki. "No, madam. Our tebo, shabi. Our house, veri shabi. Mai fatha is veri shabi man. You come see."

Mpaka leo nauona uso wake. Kicheko kilizimika, akaweka mkono kifuani, macho yakalowa. Akaingia ndani mbio. Baba akaninong'oneza, "Umempata! Umempata, mama!" Akaanza kuipapasa ile meza kama ng'ombe aliyemnunua.

Memsahib alirudi na furushi. Nguo nzee, sweta za watoto, koti la mwanamume lililolika viwiko, na mkate juu yake. Akamwekea baba mikononi, akanipapasa shavu kwa ncha ya vidole, yale mapunye bado anayaogopa, akasema "sori", akatuonyesha geti. Hiyo sori niliijua. Sikuhitaji kutafsiri. Baba alisimama na furushi, fundi aliyekuja kuomba kazi, mdomo wazi kidogo, halafu akasema "Asante" kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Barabarani dereva wa lori alitupokea kwa mzaha. "Mzee! Umemwoza binti huko juu? Hiyo ndiyo mahari?" Utingo wake akacheka mpaka akakohoa. Baba aliuweka mkate kwenye magoti yangu, na mimi sikuugusa, na nilikuwa na njaa.

Tulipofika Bondeni mama alikuwa mlangoni. Aliona furushi, akajua, akaingia ndani kufungua zile sufuria. Mama Zaituni akatoka na sahani. "Haya, mnatuacha lini?"

"Hatuendi," baba akasema. "Kazi haikuwa nzuri. Lakini, Mama Zaituni, ungemsikia huyu mtoto! Memsahib anauliza, anajibu. Anauliza tena, anajibu. Hakuna hata mahali alikwama."

Mama Zaituni akanipa hamri zima, halikuvunjika popote.

Wiki ile mama alinikatia gauni kutoka kwa zile nguo. Lilikuwa na maua zamani, sasa yamechujuka, na mgongoni kitambaa kimekuwa chepesi unaona mwanga. Nikaenda nalo shule. Mwalimu Ezra akanitazama juu mpaka chini. "Rasoa, why are you so shabi?"

Nikatabasamu. "Thank you, sir."

Alivunja sheria yake mwenyewe. "Unashukuru nini? Nimesema umechakaa! Umechujuka kama gunia la makaa! Hiyo ndiyo shabi!" Darasa likalipuka. Mimi sikuwasikia. Nilikuwa kwa ile meza ya Dundori. Neno nililolitafuta mpaka jasho likanitoka lilikuwa mdomoni mwangu wakati wote, ila nilikuwa nimelishika kichwa chini, miguu juu. Nikahesabu nilivyosema: nyumba yetu, meza yetu, baba yangu.

Nilikimbia nyumbani nikamngoja baba. Hata hakuwa amevua koti. "Baba, lile neno si kung'aa. Ni kuchakaa. Nilimwambia wewe umechakaa."

Akaning'iniza koti kwenye msumari. "Najua. Karani wa karakana aliniambia Jumatatu. Alicheka mpaka akakaa chini."

"Na mbona jana ulikuwa unamwambia mjomba nilijibu vizuri?"

"Kwani hukujibu?"

Akaketi, akaomba chakula. Hatukulizungumza tena. Mdogo wangu alizaliwa mle chumbani kwenye moshi, na baba akazeekea Bondeni bila kupata dirisha la kioo. Lakini kila mgeni aliyekuja, mpaka nikawa mwanamke mwenye watoto, alimwambia, "Huyu alizungumza na memsahib, uso kwa uso, akiwa hivi," na kuonyesha kimo changu kwa mkono. Nami nilitazama chini. Wageni wakasema, tazameni adabu.

Watoto wa siku hizi ukiwasifu wanakutazama machoni, wanasema thank you, wanaendelea kutafuna. Sisi wa rika hili tunanung'unika kwamba hawana haya, na mimi nanung'unika pamoja nanyi, tena kwa sauti. Tunasema sisi tulilelewa, tuliinamisha vichwa. Ni kweli tuliinamisha. Lakini si kila aliyeinama alikuwa na adabu. Wengine tulikuwa tunamsikia baba akitusifia kitu kile kile kilichomnyima nyumba.